Kilele cha Hadithi ya Kifantasia: Namna ya Kukitolea Maoni na Namna ya Kuyapokea

Mtu akikupa mswada wake wa hadithi ya kifantasia na kukuomba umwambie kama kilele chake kimefaulu, amekukabidhi sehemu iliyo ngumu kuisemea kuliko zote. Sura ya kwanza ikilegea, msomaji huona pale pale inapolegea, na akionyesha kwa kidole mwandishi hurekebisha. Kilele hakiko hivyo. Msomaji hufika mahali ambapo zimwi limesimama mlangoni na shujaa amebakiwa na pumzi moja, akaumaliza ukurasa, kisha akagundua kwamba moyo wake haukutikisika. Akiulizwa kosa liko wapi, ataonyesha ukurasa huohuo, ilhali kosa lenyewe mara nyingi limelala kurasa mia moja nyuma, mahali ambapo jambo fulani lilitakiwa kusemwa na halikusemwa. Mwongozo huu ni wa wote wawili, anayesoma na anayesomewa, na sehemu kubwa yake inahusu kazi hiyo ya kurudi nyuma kutoka mahali panapouma hadi mahali palipojeruhiwa.

Shida ya kilele cha fantasia

Katika riwaya ya maisha ya kawaida, msomaji anaingia akijua tayari kinachowezekana na kisichowezekana. Anajua kwamba risasi inaua, kwamba deni hudaiwa, kwamba mgonjwa aliyezidiwa hainuki kitandani akacheza ngoma. Katika fantasia mwandishi ndiye anayeamua mipaka yote hiyo, na msomaji anajua kile tu alichoambiwa. Kwa hiyo shujaa anapookolewa na nguvu ambayo haijawahi kutajwa, msomaji haonji furaha ya wokovu. Anaona mkono wa mwandishi ukiingia kutoka nje ya hadithi na kusogeza kete.

Wasimulizi wa pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Chukua kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo amefungwa na anangoja kuuawa. Walinzi wana tabia ya kula vyakula vizuri anavyoletewa na kumwachia vibaya, kwa hiyo mama yake anaoka mkate wa wishwa, mkate ambao hakuna mlinzi atakayeutamani, na ndani yake anaficha tupa. Liyongo anaomba achezewe ngoma ya gungu kabla ya kufa, na kelele za ngoma hiyo zinafunika sauti ya tupa inayokata minyororo. Hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni. Ulafi wa walinzi, mkate, tupa, ngoma: kila kimoja kiliwekwa mbele ya msikilizaji kwa wakati wake, na kilichokuwa kipya ni namna tu vitu hivyo vilivyokutana. Kifo chake nacho kimejengwa vivyo hivyo. Msikilizaji anajua kwamba hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Anajua kwamba mwanawe ametumwa kuichunguza siri hiyo. Anajua hata kwamba baba ameshatambua alivyotumwa. Sindano inapochomwa, hatushangai kwamba inaua. Tunaumia kwa sababu tuliijua mapema.

Ni kwa kipimo hicho ninachokiamini kwamba msomaji anapaswa kukipima kilele: si kama amestaajabishwa, bali kama alipewa mapema kila alichohitaji ili aogope kwa haki.

Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mswada mmoja wa mfano nilioutunga kwa ajili ya kazi hii. Kuna kisiwa ambacho bahari imekikimbia. Siku moja maji yalikupwa yasijae tena, na kwa miaka saba majahazi yamelala ubavu juu ya mchanga mkavu, kwa sababu zimwi la vilindini limeyazuia maji. Katika nyumba ya msichana aitwaye Zuhura imehifadhiwa siwa ya kale, yaani pembe kubwa ambayo ikipulizwa huita bahari. Lakini kila anayeipuliza hupotelewa na jina la mtu anayempenda, na jina likitoka, mtu mwenyewe hutoka pia katika kumbukumbu. Zuhura ana bibi yake, na ana mdogo wake wa kiume, Haji. Katika rasimu ya kwanza, Zuhura anafika ukingoni mwa vilindi na kuipuliza siwa, zimwi linacheka, siwa inapasuka, ndipo mzimu wa bibi, ambaye alifariki sura mbili nyuma, unapotokea kisimani na kulimeza zimwi. Maji yanarudi na watu wanashangilia.

Kwa anayesoma

Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, muulize mwandishi rasimu yake imefika hatua gani na yeye mwenyewe anataka kujua nini. Rasimu ya kwanza haihitaji kuhesabiwa nukta na mikato, na mswada unaopelekwa kwa mchapishaji wiki ijayo hausaidiki kwa kuambiwa ubadilishe shujaa. Uliza pia kama utapewa mswada mzima. Mtu akikutumia sura ya kilele peke yake, mweleze kwa upole kwamba unaweza kumwambia kama sentensi zinaeleweka na kama unaona nani amesimama wapi, lakini huwezi kumwambia kama kilele kinafanya kazi, kwa sababu hukuibeba safari iliyokileta. Wapo wanaoona ombi la mswada mzima kuwa ni usumbufu. Mimi naona kwamba kukitolea hukumu kilele usichokipandia ni kumdhulumu mwandishi, hata kama hukumu yenyewe ni ya sifa.

Usomaji wa kwanza ufanyike bila kalamu. Soma kwa mwendo wa msomaji aliyenunua kitabu, na ukichoka, pumzika pale ulipochoka kweli, kisha ukumbuke ni wapi. Ukimaliza, funga mswada, na kabla ya kurudia hata aya moja, andika sentensi tano kutoka kichwani: shujaa alitaka nini, ni uamuzi gani uliofanywa na ni nani aliyeufanya, uamuzi huo ulimgharimu nini, ni nini kilichobadilika baada yake, na nilihisi nini na wapi. Usizipambe sentensi hizo na usione haya zikiwa fupi au zikiwa na makosa, kwa kuwa hata makosa ya kumbukumbu yako ni habari kwa mwandishi. Msomaji wa mswada wetu wa mfano angeandika hivi: Zuhura alitaka maji yarudi. Alipuliza siwa, lakini bibi ndiye aliyeshinda. Sikuona alichopoteza. Bahari ilirudi. Niliogopa siwa ilipoinuliwa, kisha nikapoa. Aliyesoma sentensi hizo kwa makini ameshaona ugonjwa wote wa rasimu ile, ingawa hakuna neno moja la lawama ndani yake.

Usomaji wa pili ndio wa kalamu, na huu uende kinyumenyume. Anzia kwenye kilele, orodhesha kila kitu kilichotenda kazi pale, yaani kila silaha, kila uwezo, kila kiapo, kila mtu aliyetokea, kisha rudi nyuma ukitafuta ukurasa ambao kitu hicho kilitajwa kwa mara ya kwanza. Andika namba ya ukurasa huo kando yake. Ukikuta kwamba mzimu wenye uwezo wa kumeza mazimwi umetajwa kwa mara ya kwanza katika aya ileile unapomeza zimwi, huna haja ya kubishana na mtu. Namba za kurasa zimesema. Baada ya hapo fanya kazi ya upande wa pili, ambayo wasomaji wengi huisahau: orodhesha yale yaliyoahidiwa mapema na hayakutokea. Katika mswada wetu hilo ndilo jeraha kubwa zaidi. Sura ya nne imetuambia kwamba siwa hudai jina, na tangu hapo msomaji amekuwa akimtazama Haji kwa wasiwasi kila anapotokea. Kisha siwa inapulizwa na hakuna jina linalokwenda. Mwandishi anaweza kudhani tatizo lake ni mzimu wa bibi, kumbe hata akiuondoa, deni la siwa bado litakuwa halijalipwa.

Angalia pia kama ngazi zinapanda. Katika ngano ya Nunda, mnyama mla watu, mwana wa sultani anayemsaka anaua mnyama baada ya mnyama, kila mara akirudi kwa mama yake kwa furaha akidhani amempata Nunda, na kila mara mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Msikilizaji anajifunza ukubwa wa Nunda kwa kuonyeshwa vile visivyokuwa Nunda. Ikiwa shujaa wa mswada ulionao alipigana vita vikubwa katikati ya hadithi kuliko vita vya mwisho, au kama mapambano matatu yana ukubwa uleule na yametofautiana majina tu, liandike jambo hilo kwa kutaja sura zenyewe.

Sasa andika maoni. Maoni yenye manufaa yana mambo matatu: mahali, tukio lililotokea ndani yako, na ulichokuwa umekitarajia. Linganisha maoni mawili juu ya mswada uleule. La kwanza linasema: mwisho haukunivutia, kwa nini usimfanye Zuhura apigane na zimwi kwa upanga? La pili linasema: “Tangu sura ya nne niliposoma kwamba siwa huchukua jina, nilikuwa nikijiuliza ni jina la nani litakalokwenda, na nilimhofia Haji. Nilipofika ukurasa ambao Zuhura anaiinua siwa, nilisimama kidogo kwa kuogopa kuendelea. Kisha siwa ikapasuka na hakuna jina lililopotea, na hapo ndipo nilipopoa. Mzimu wa bibi ulipotokea, sikujua kwamba mizimu ya ulimwengu huu ina nguvu juu ya mazimwi. Je, pana mahali palipoelezwa nami nikapapita?” Msomaji wa kwanza ametoa dawa bila kusema kinachouma, na dawa yenyewe ni ya hadithi nyingine. Wa pili hakutoa dawa yoyote, lakini amempa mwandishi kitu ambacho mwandishi hawezi kukipata peke yake, yaani habari ya mahali ambapo hofu ilizaliwa, mahali ilipokua na mahali ilipozimika. Kama una pendekezo la namna ya kurekebisha, liweke mwisho kabisa, utangulize kwamba ni pendekezo tu, na usikasirike lisipofuatwa.

Taja yanayofanya kazi kwa usahihi uleule unaotumia kutaja yasiyofanya kazi. Mwandishi ambaye hakuambiwa kwamba kuinuliwa kwa siwa kulimtia msomaji baridi anaweza kuifuta aya hiyo katika rasimu ya pili, akidhani kwamba kila kitu kilichozunguka kosa nacho ni kosa.

Lugha ndani ya kilele

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya uandishi imetungwa kwa ajili ya lugha nyingine, na haina la kutuambia kuhusu mambo yanayokiponza kilele kilichoandikwa kwa Kiswahili.

La kwanza ni kiambishi cha -ka-. Ndicho uti wa usimulizi wetu, na katika mapambano mwandishi hukitumia bila kuhesabu: akainua, akapiga, akaanguka, akainuka, akakimbia. Kila kitendo kinapata uzito uleule na mwendo uleule, hata pigo linaloamua hatima ya ulimwengu mzima linapita katika foleni moja na kitendo cha kujifuta jasho. Unapotoa maoni, chora mstari chini ya kila kitenzi chenye -ka- katika kurasa mbili za kilele. Ukiona viko kumi mfululizo na kile cha maana kimefichika katikati, mwonyeshe mwandishi. Huna haja ya kumwandikia upya. Inatosha kumwambia kwamba ulipita kitendo cha nane bila kujua kwamba ndicho kilichokuwa kikingojewa. Mwandishi anaweza kukitenga katika sentensi yake, akabadilisha njeo, au akaanza na anayetendwa badala ya anayetenda.

La pili ni upatanisho wa kisarufi wa viumbe visivyo binadamu. Zimwi limekuja au zimwi amekuja? Joka lilinitazama au joka alinitazama? Namna zote mbili zinasikika katika vinywa vya watu, lakini katika mswada mmoja kila namna inasema jambo lake: li- inalifanya zimwi kuwa kitu kikubwa cha kutisha, a- inalipa nafsi. Mwandishi akichanganya kwa kutojua, kilele kinayumba, kwa sababu msomaji hajui kama shujaa anapambana na nguvu au na mtu. Akibadilisha kwa makusudi, kwa mfano zimwi likaitwa kwa li- katika kitabu kizima, kisha pale Zuhura anapolisikia likilia kwa mara ya kwanza likaanza kuitwa kwa a-, basi herufi moja imefanya kazi ambayo aya nzima isingeifanya. Kwa hiyo usikimbilie kusahihisha. Andika: hapa umetoka kwenye li- kwenda kwenye a-, je, umekusudia?

Tanakali za sauti ni za kutazamwa pia. Chubwi moja ya kitu kinachozama katika kimya huweza kumtoa msomaji jasho, lakini pu, kacha na tifu zikirundikana katika aya moja, mapambano huanza kusikika kama mchezo wa watoto. Majina ya kubuni nayo hulemea mahali ambapo msomaji anakwenda mbio: jina la upanga, la mlima, la ukoo na la mungu wa zamani yakikutana katika sentensi moja ya kilele, na mawili kati yao hayajaonekana tangu sura ya pili, msomaji husimama kufikiri, na hofu haimsubiri.

Jambo la mwisho hapa linahusu imani. Msomaji wetu anapokutana na jini, ruhani au mzimu, hafiki mikono mitupu. Ana picha aliyolelewa nayo, na pengine ana imani. Mwandishi ana haki ya kutunga jini mwenye kanuni nyingine kabisa, ila ni lazima kanuni hizo zionekane kabla ya kilele, la sivyo msomaji atatumia zake. Katika maoni yako, tenganisha mambo hayo mawili kwa uaminifu: hili limenichanganya kwa sababu hadithi haikunieleza, na hili limenikwaza kwa sababu si nilivyofundishwa nyumbani. Yote mawili yana haki ya kusemwa, lakini la pili si kosa la mswada.

Heshima na ukweli

Adabu yetu inaweza kuharibu kazi hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni hongera tupu. Mtu amesoma kurasa mia tatu, akaandika kazi nzuri sana ndugu yangu, Mungu akuzidishie kipaji, na akadhani amefanya wema. Mwandishi anabaki na kilele kilichokufa na moyo uliojaa, na atakuja kuusikia ukweli kwa watu wasiomjali. Ya pili ni umri. Kijana aliyepewa mswada na mtu mzima, au mwanafunzi aliyepewa na mwalimu wake, huona kwamba kusema hakushtuka ni utovu wa adabu. Njia iliyonisaidia mimi ni kuliweka jambo lote upande wa msomaji: “Mwalimu, naomba nikueleze nilivyopotea nilipofika kisimani.” Au: “Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hadi mwisho, na pana mahali nilisimama nikarudia mara mbili, ningependa unisaidie.” Hapo hujamfundisha mkubwa wako kuandika. Umemweleza safari yako, na safari yako unaijua wewe kuliko mtu yeyote. Mtu mzima anayestahili heshima hiyo ataielewa.

Kwa anayesomewa

Kabla ya kuutoa mswada, chukua karatasi uandike kwa sentensi mbili kilele chako kimekusudiwa kumfanya msomaji ajue nini na ahisi nini, kisha ikunje uiweke mahali. Karatasi hiyo utaihitaji baadaye. Chagua wasomaji watatu au wanne, wasiozidi, na kama una watu sita wanaokuunga mkono, waweke wawili akiba bila kuwaambia lolote kuhusu hadithi. Usiwadokezee walio na mswada kinachokuja, hata kwa kuomba radhi, kwa mfano kusema kwamba mwisho bado haujakaa vizuri, kwa kuwa watafika pale wakiwa wanatafuta kosa badala ya kusoma.

Swali la kama umeipenda lina jibu moja tu kati ya marafiki, kwa hiyo usiliulize. Uliza mambo ambayo hayana jibu la adabu. Ulijua katika sura gani kwamba Zuhura atalazimika kuipuliza siwa? Ulipofika kwenye vilindi ulikuwa unamhofia nani? Ni ukurasa gani uliouruka au kuusoma harakaharaka? Maswali matatu ya namna hiyo yanatosha. Ukiuliza kumi, msomaji atageuka mtahiniwa.

Maoni yanapokuja, kaa kimya. Hili ndilo gumu kuliko yote, na nalisema kwa kuwa nililishindwa kwa miaka mingi. Msomaji akisema hakuelewa kwa nini siwa imepasuka, ulimi unawasha kumweleza kwamba sura ya sita ilidokeza ufa. Ukimweleza, mambo mawili yanatokea. Yeye ataona haya na kuanza kupunguza makali ya maoni yanayofuata. Na umempoteza kama msomaji, maana tangu sasa ataisoma sura hiyo akiwa na maelezo yako kichwani, na huyo atakayeinunua dukani hatakuwa nayo. Badala ya kueleza, andika anayoyasema kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyafupisha, na uulize maswali yanayomfungua tu: ulitarajia nini ulipofika pale? Ni wapi uliposikia hivyo kwa mara ya kwanza?

Baadhi ya wasimulizi wa zamani wa ngano zetu walikuwa wakifunga masimulizi kwa kusema kwamba ikiwa hadithi ni njema, wema wake ni wetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya wake ni wa msimulizi peke yake. Naona kwamba msimamo huo unamfaa sana mtu anayesomewa. Haumwombi msikilizaji huruma, na haumlaumu kwa kutosikia vizuri.

Baada ya kupokea, uyaache maoni siku kadhaa. Kisha yatandaze yote pamoja na uyapange kwa kurasa, si kwa watu. Utakuta jambo ambalo kwa kawaida hujirudia: wasomaji watatu wamekwama mahali pamoja na kila mmoja ametaja sababu yake. Mmoja anasema mzimu umekuja ghafla, wa pili anasema zimwi lilikuwa dhaifu mno, wa tatu anasema sura ni fupi. Usihangaike kuamua nani kati yao yuko sahihi kuhusu sababu. Waamini wote kuhusu mahali, na uwe mwepesi kuziweka kando dawa zao, kwa kuwa wao wanaujua mwili unapouma lakini ni wewe unayejua mifupa yake. Maoni ya mtu mmoja ambayo hayakuungwa mkono na mwingine yasitupwe pia, hasa kama ndiye msomaji pekee anayezisoma fantasia mara kwa mara, lakini yapimwe kwa ile karatasi uliyoikunja. Kama umeandika kwamba unataka msomaji aone uchungu wa gharama, na mtu anakuomba ushindi usiwe na msiba, hajasoma vibaya. Anataka hadithi nyingine, na unaweza kumshukuru kwa moyo mweupe bila kubadilisha neno.

Marekebisho yenyewe yaanzie nyuma. Mwandishi akiambiwa kilele ni dhaifu, hamu ya kwanza ni kuongeza moto palepale: mazimwi mawili badala ya moja, mvua ya mawe, kurasa kumi zaidi za mapigano. Katika mswada wa Zuhura, mwandishi mwangalifu angeshika lile swali la msomaji, bibi ametoka wapi, na badala ya kulijibu kwenye kilele angerudi nalo hadi sura ya pili. Hapo bibi yuko hai, na anasahau majina ya wajukuu. Anamwita Haji kwa jina la jirani. Anauliza mara mbili kwa siku picha iliyoko ukutani ni ya nani, na ni ya mumewe. Msomaji anadhani ni uzee. Sura ya tano Zuhura anaijaribu siwa kwa pumzi ndogo, maji ya kisima yanapanda kidogo, na jioni yake rafiki yake wa utotoni anampungia mkono njiani naye hamtambui. Sasa msomaji anaelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba siwa haitanii, na kwamba bibi aliwahi kuipuliza. Mzimu wa kisimani hauhitajiki tena. Zuhura anafika ukingoni mwa vilindi akiwa peke yake, akijua kama tunavyojua sisi ni nani aliyebaki katika moyo wake, na kurasa zenyewe za kilele zinaweza kuwa fupi kuliko zilivyokuwa.

Usisahau kurasa zinazofuata baada ya pigo la mwisho. Rasimu nyingi hufunga mlango msomaji akiwa bado hajavuta pumzi. Bahari ikirudi na kitabu kikaisha hapo, gharama imetajwa lakini haijaonekana. Mpe msomaji tukio moja dogo la siku inayofuata, na uwaulize wasomaji wako kama ni refu mno au fupi mno, kwa sababu kipimo hicho mwandishi ni nadra kukijua peke yake.

Mswada ukiisha kurekebishwa, waandikie wasomaji wa kwanza uwaambie ulichofanya na walichokuonyesha, kwa kutaja jambo lenyewe, wala usiwape rasimu mpya kwa ajili ya kipimo kilekile, wanajua mno. Huu ndio wakati wa wale wawili uliowaweka akiba. Wape mswada mzima, usiwaambie lolote, na uwaombe sentensi tano kutoka kichwani. Rasimu mpya ya Zuhura ikiwa imefika pale ilipokusudiwa, ile sentensi ya gharama itakuja bila kuulizwa mara ya pili: maji yalijaa hadi kwenye mikoko, mtoto wa kiume akaja mbio ufukweni akimwita dada, naye Zuhura akamkaribisha kwa upole kama mtu anavyomkaribisha mgeni.